Mdhamini na Ndiva: Habari za Utunzaji wa Mali ya Wote katika Upare, na Funzo Lake kwa Vyama vya Sanaa

Neno mdhamini lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na maana hizo hazikai pamoja kwa amani. Mahakamani, mdhamini ni mtu ajitiaye mashakani kwa ajili ya mwenzake: mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayeulizwa, na mali yake ndiyo itakayochukuliwa. Katika sherehe na matangazo, mdhamini ni mfadhili, yaani tajiri au kampuni iliyotoa fedha za shughuli, na jina lake likaandikwa kwenye kitambaa juu ya jukwaa. Wa kwanza hudaiwa. Wa pili hushukuriwa. Sheria inayo maana ya tatu: mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, aitunze kwa faida ya wengine, wengi wao wasioonekana, na wengine hawajazaliwa. Swali la insha hii ni hili: huyu wa tatu amfuate nani katika wale wawili wa kwanza?

Sababu ya kuliuliza ni jambo la kila siku. Mtoto wa milimani aliyepata elimu, arudipo nyumbani kwa likizo, hufuatwa na wazee au vijana wa kikundi cha ngoma, cha kwaya, au cha michezo ya kuigiza. Humwambia kwamba kikundi chataka kuandikishwa, kimepata kiwanja, kinatazamia kujenga ukumbi, na kwamba yeye amechaguliwa kuwa mmoja wa wadhamini. Ujira hakuna, kazi ni ya kujitolea. Naye hukubali, kwa maana kukataa ni kuwavunjia heshima wazee, akatia sahihi, kisha akapanda basi kurudi mjini akidhani amevishwa kilemba. Nadhani amekosea, wala si kwa ubaya wa moyo. Amekosea kwa kutojua historia, na historia hiyo iko karibu naye, katika milima ile ile aliyotoka.

Milima ya Upare yasimama baina ya Kilimanjaro na Usambara, ikitazama nyika ya Mkomazi upande mmoja na bonde la mto Pangani, au Ruvu, upande mwingine. Leo imegawanyika katika wilaya mbili za Mkoa wa Kilimanjaro, Mwanga kaskazini na Same kusini. Wenyeji wengi hujiita Vaasu, na lugha yao Chasu. Kaskazini kabisa husemwa Kigweno. Juu milimani mna ukungu na misitu, na kilele cha Shengena chafikia mita 2,462. Lakini mtu ateremkapo mpaka mji wa Same, penye reli ya Tanga na Moshi na barabara kuu, hukuta ardhi kavu yenye miiba na mikonge, ambapo mvua haina ahadi. Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo iliyowafundisha Wapare somo la kwanza la udhamini, na kitabu chao cha kujifunzia kilikuwa ni ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuzungushiwa ukuta wa udongo na mawe. Kijito cha mlimani ni kidogo, na mchana hakitoshi kufika mashambani kabla maji hayajanywewa na mchanga. Kwa hiyo usiku maji huongozwa kwa mfereji mpaka ndivani, yakalala humo. Asubuhi mlango hufunguliwa, nayo hushuka kwa nguvu ya kutosha kunywesha mashamba ya wenye zamu. Katika bonde la Makanya na vijiji vilivyo juu yake ndiva za namna hii ni nyingi, na baadhi zingali zikitumika. Hapana mtu mmoja awezaye kuchimba ndiva peke yake, wala kuizoa tope kila mwaka, wala kuuziba ukuta ubomokapo. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo, ndiyo kazi ya pamoja isiyo na malipo: pembe ililia, watu wakatoka na majembe, na asiyetokea bila udhuru alitozwa faini au akaikosa zamu yake ya maji. Neno msaragambo limepata nafasi katika Kiswahili cha watu wote, na si ajabu, kwani jambo lenyewe limewafaa wengi.

Natuzingatie hapo hali ya mzee aliyesimamia ndiva. Hakuwa mwenye maji. Aliyapanga tu, akasema leo ni zamu ya fulani na kesho ya fulani. Hakulipwa mshahara. Shamba lake mwenyewe lilikuwa chini ya mfereji ule ule, hata akikosea alikosea na mazao yake. Tena hakuhitaji kuandika hesabu, kwa sababu hesabu ilionekana kwa macho: kila aliyepita asubuhi aliona kimo cha maji, akajua usiku mlango ulifungwa au uliachwa wazi kwa ajili ya mjomba wa mtu. Daftari lake lilikuwa maji yenyewe, na wakaguzi wake walikuwa jirani zake wote. Mzee huyo aliweza kuulizwa, na kuulizwa kwenyewe hakukuhitaji baraka ya mkubwa yeyote.

Hata hivyo tusiupambe wakati uliopita kwa rangi ambazo haukuwa nazo. Ndiva nyingi zilikuwa za ukoo uliozichimba, na ukoo huo ulitangulia kunywesha, wageni walingoja. Aliye karibu na chanzo alikuwa na nafasi ya kuchukua zaidi kuliko aliye bondeni, na ugomvi wa juu na chini haujaisha mpaka leo. Wanawake, ambao ndio waliolima sehemu kubwa ya mashamba hayo, mara nyingi hawakuketi katika baraza lililogawa zamu. Kwa hiyo udhamini wa ndiva ulikuwa na kanuni njema, lakini duara la watu walioruhusiwa kuuliza lilikuwa dogo. Habari zote zifuatazo ni habari za duara hilo: lilivyopanuka, lilivyovunjwa, na lilivyodaiwa tena.

Sanaa nazo zilikuwa na watunzaji wake. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyepita milimani katika miaka ya 1960 akiwahoji wazee na kuchapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, ameeleza jinsi ufalme wa Ugweno ulivyotokana na ukoo wa wahunzi, Washana, kabla Wasuya hawajauchukua utawala, na jinsi Mranga wa Wasuya alivyoupanga upya kwa mabaraza yaliyoitwa chila. Chuma cha Upare kilitafutwa mpaka Uchagani, na ufundi wa kukifua ulikuwa amana ya ukoo: baba hakuuza siri ya kiwanda kwa kuwa haikuwa yake peke yake. Vivyo hivyo mafunzo ya vijana msituni, yaliyoitwa mshitu, yalikuwa na wazee wake waliohifadhi nyimbo, michezo, mafumbo na taratibu, na msitu wenyewe haukukatwa mti. Misitu midogo ya jadi iliyosalia katika Upare ni ushahidi wa utunzaji huo. Mahali pengine miti ingali imesimama ilhali nyimbo zilizoimbwa chini yake zimesahaulika.

Kwa nini miti ilidumu kuliko nyimbo? Jibu moja ni kwamba watunzaji wa nyimbo walifanya siri kuwa ndio ulinzi wao wote. Kitu cha siri hulindwa vyema maadamu mlinzi yu hai na ana mrithi. Mrithi akikosekana, hakuna wa kuuliza kilikwenda wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20 warithi walianza kukosekana. Walutheri wa Leipzig walijenga vituo milimani, na Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903 wakaanzia Giti, upande wa Upare ya Kusini, kikiwa ndicho kituo chao cha kwanza katika nchi yote ambayo leo ni Tanzania. Wamisionari hawakupenda mambo ya mshitu, na vijana waliobatizwa waliyaacha. Wakati huo huo yaliletwa mambo mengine mawili. La kwanza ni kwaya, ambayo ilipata makao Upare kana kwamba ilizaliwa huko. La pili, lisilotajwa sana na wanaoandika juu ya muziki, ni daftari la michango. Kikundi cha waimbaji sasa kilikuwa na katibu, mtunza fedha, na kitabu ambamo senti ya kila mtu iliandikwa. Siri iliondoka, hesabu ikaingia. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Na Wapare, watu wanaosifiwa na hata kutaniwa na jirani zao kwa ukali wa hesabu, walilipokea daftari kwa moyo mkunjufu.

Lakini serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na daftari lake, na hapo ndipo lilipotokea jambo kubwa kuliko yote katika historia ya Upare ya karne ile. Chini ya Waingereza milima ilitawaliwa kwa njia ya watawala wa jadi tisa, waliokuwa na hazina yao ya Serikali ya Wenyeji. Machoni pa sheria, hazina ile ilikuwa mali ya watu wa Upare, na watawala walikuwa watunzaji wake. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, hazina ikitafuta fedha zaidi, iliamuliwa kwamba juu ya kodi ya kawaida kila mtu atozwe pia kwa kadiri ya mali yake. Kodi hiyo ikaitwa mbiru. Ilipoanza kutozwa mwaka 1943, watu waliona wakaguzi wakiingia mashambani na mazizini kuhesabu migomba, kahawa na mifugo, na kukadiria utajiri wa kila nyumba kwa namna wasiyoielewa. Jamaa wa mkubwa alikadiriwa kidogo na mnyonge akakadiriwa kingi, au ndivyo walivyoamini. Na walipouliza kipimo gani kimetumika, hawakujibiwa kwa namna iliyowaridhisha.

Mapema mwaka 1945 waliteremka Same. Walikuja kwa mamia, kisha kwa maelfu, wakapiga kambi karibu na boma, wakasema kwamba kodi ya kawaida watailipa lakini mbiru hawaitaki. Hawakuja na silaha. Walikaa, wakaondoka, wakarudi, kwa muda wa miezi. Viongozi wao, akiwemo Paulo Mashambo, waliandika malalamiko na kuyapeleka kwa wakubwa wa juu. Mwaka 1946 Mkuu wa Wilaya alipofika Usangi, wanawake walimkabili wakimtaka afanye moja katika mawili: ama alimalize shauri la kodi ili waume zao warejee majumbani, ama yeye mwenyewe azijaze nafasi za waume hao kwa wake zao. Msomaji atacheka, nao bila shaka walikusudia achekwe. Lakini katika maneno hayo mna hoja nzito. Wanawake, ambao baraza la ndiva halikuwaita na orodha ya mbiru haikuwaandika, walikuwa wamejitwalia haki ya kuuliza. Baada ya vuta nikuvute hiyo serikali iliiacha mbiru, ikarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja. Kimambo, aliyeandika kijitabu kizima juu ya habari hii mwaka 1971, ameonyesha kwamba Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa na watu wasioulizika.

Sasa tazama tarehe. Mwaka ule ule wa 1946, siku ya 13 Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali mapatano yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Tangu mwaka 1922 Waingereza walikuwa wameitawala kwa agizo la Shirikisho la Mataifa. Sasa waliitwa wadhamini kwa jina hilo hasa. Neno likawa kubwa: nchi nzima, pamoja na milima ya Upare na ndiva zake, iliwekwa dhamana. Na ijapokuwa mdhamini huyu hakuchaguliwa na wenye mali, jina lenyewe lilimfunga kwa kiasi fulani. Alipaswa kutoa taarifa. Ujumbe wa Baraza la Udhamini ulizuru Tanganyika mara kwa mara kuanzia mwaka 1948, ukapokea barua na malalamiko ya wananchi; na mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo New York, nauli yake ikiwa imechangwa, akaeleza matakwa ya wenye nchi. Mdhamini aliulizwa hadharani, na baada ya miaka sita amana ilirudishwa kwa wenyewe. Watu wa Same walikuwa wamekwisha kulifanya jambo hilo hilo kwa kadiri yao, pasipo New York.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1956, ilitungwa sheria ya kuwaunganisha wadhamini kuwa mtu mmoja wa kisheria. Sheria hiyo ingali hai. Leo ni Sura ya 318 ya sheria za Tanzania, na wadhamini huandikishwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA. Nguvu yake ni rahisi kuieleza. Kikundi cha ngoma kisichoandikishwa hakina mikono: kiwanja hununuliwa kwa jina la mwenyekiti, akaunti ya benki hufunguliwa kwa jina la mtunza fedha, na mmoja wao akifa, watoto wake hurithi kiwanja cha ngoma pamoja na mbuzi. Wadhamini wakiunganishwa kisheria hupata muhuri, huweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa, na mmoja akifa baraza haliondoki naye. Mpare wa zamani angeifahamu sheria hiyo mara moja: mzee wa ndiva hufa, ndiva hubaki. Lakini angeuliza pia swali moja ambalo muhuri haulijibu: kimo cha maji kitaonwa na nani?

Uhuru ulileta matumaini makubwa kwa sanaa. Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais mwezi wa Desemba 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisema kwamba hasara ya kufundishwa kuudharau utamaduni wetu ilizidi hasara nyingine za ukoloni. Serikali ikawa mlezi wa ngoma. Lakini serikali hiyo hiyo, kwa sababu zake zinazofahamika, iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, ikavunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Halmashauri na ushirika vilirudishwa katika miaka ya 1980, na makosa ya machifu tumekwisha kuyaona. Hata hivyo, katika muda wa miaka 13 milima ilipoteza karibu mabaraza yote ambamo watu wa kawaida walizoea kuuliza juu ya mali yao. Hata neno kujitolea lilibadilika. Mwanzo wa Uhuru watu walijitolea kwa furaha wakajenga shule na zahanati. Baadaye, mahali pengine, kujitolea kulikuja kwa amri na faini, pasipo mwito wa jirani. Msaragambo ulikuwa na faini tangu kale, kweli. Lakini aliyetoza faini alikuwa pia na jembe mkononi.

Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Sera ya Utamaduni ikatolewa mwaka 1997. Milimani kwenyewe, katika miaka ya 1990, Usangi na Mbaga ziliingia katika mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV pamoja na Bodi ya Utalii, na wageni wakaanza kupanda milima kuona misitu, mifereji na ngoma. Kwa hiyo fedha sasa zaweza kufika kijijini kutoka mbali. Fedha itokayo mbali yastahili watunzaji wakali kuliko ile iliyochangwa na jirani, kwa sababu aliyeitoa haoni kimo cha maji, na aliyekusudiwa kuipata mara nyingi hajui kwamba imetolewa.

Ili kuona jinsi vyama vya sanaa vinavyoishi na kuyumba, inatupasa tuteremke hadi pwani na kuvuka bahari, kwani Zanzibar ina chama kilicho kikongwe kuliko vyote tunavyoweza kuvitaja. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na vijana wa mjini waliotaka kupiga taarabu wenyewe. Masultani walipita, ukoloni ukapita, Mapinduzi ya mwaka 1964 yakageuza kila kitu, nacho chama kingali kikipiga. Hapana shaka sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba tangu mwanzo kilikuwa mali ya wanachama, na waliokuwa wakitunza vyombo waliketi chumba kimoja na waliovipiga. Fidla ikikatika waya, hapakuhitajika barua. Tuweke kando yake Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika nyumba ya forodha ya kale huko Forodhani. Chuo hicho kimefundisha vijana wengi, wanawake kwa wanaume, ambao chama cha zamani huenda kisingewapokea wote. Lakini kilitegemea sana wafadhili wa ng'ambo, na walipopungua, mwaka 2019, kilitangaza hadharani kwamba kimekaribia kufungwa. Tamasha la Sauti za Busara nalo, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya upungufu wa fedha.

Sitaki msomaji aelewe kwamba michango ya wanachama ni bora na misaada ni sumu. Chama cha michango midogo huweza kudumu miaka mia kwa kubaki kidogo. Shule ya muziki haiwezi kuendeshwa kwa michango ya wanafunzi maskini. Jambo nitakalo kulionyesha ni jingine. Chuo kile kilipotangaza shida yake waziwazi, kilifanya tendo la udhamini: kiliwaambia watu kwamba ndiva imekauka kabla hawajaja na ndoo. Vyama vingi hufa kwa sababu watunzaji wao huona aibu kusema, wakaficha upungufu mpaka siku ambayo mlango wa ofisi hukutwa umefungwa.

Turudi sasa kwa yule mtoto wa milimani aliyetia sahihi. Afanye nini? Ndiva yamjibu sehemu ya kwanza: asiwe mdhamini wa chama ambacho hanywi maji yake. Si lazima aimbe wala acheze. Mzee wa zamu hakuwa lazima awe mkulima hodari. Lakini aijue njia ya ukumbi, afike mara kadhaa kwa mwaka, azione ngoma kwa macho yake na kuhesabu ngozi zilizopasuka. Mbiru yamjibu sehemu ya pili: kipimo kiwe wazi. Kikundi kikialikwa arusini na kulipwa, watu wajue kiasi gani kiliingia, nani alipewa nauli, na kwa nini. Ukumbi ukikodishwa na mpwa wa mdhamini, mpwa alipe kama wengine, na mdhamini atoke nje ya kikao shauri hilo linapoamuliwa. Mfadhili akitaka ngoma ibadilishwe ili imfurahishe mgeni, mdhamini akumbuke kwamba hakuwekwa pale kwa niaba ya mfadhili.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, nayo hujibiwa na wanawake wa Usangi. Duara la wenye haki ya kuuliza lazima liwe pana kuliko duara la waliomchagua. Mabaraza mengi ya wadhamini hujazwa na wanaume wazee wenye majina, kwa sababu benki huheshimu sahihi zao, ilhali waimbaji na wachezaji wengi ni wanawake na vijana ambao hawajapata kuiona hesabu hata siku moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetuonyesha njia: yasema kwamba halmashauri ya kijiji itaisimamia ardhi kwa kanuni zile zile zimfungazo mdhamini, na wanakijiji wawe kama wanufaika wa amana hiyo, tena kabla ya kuigawa ardhi yapaswa kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Ikiwa hivyo ndivyo kwa ardhi, sioni kwa nini isiwe hivyo kwa ngoma. Mara moja kwa mwaka, chini ya mwembe au ukumbini, hesabu isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Chasu, mbele ya yeyote atakaye kufika. Na mchezaji mdogo kuliko wote awe na ruhusa ya kusimama na kuuliza.

Yako mapingamizi mawili yastahiliyo kujibiwa. La kwanza ni kwamba mtu anayejitolea bila ujira hafai kubanwa kwa maswali, maana atakasirika na kujiuzulu. Ni kweli kwamba wengine watajiuzulu. Lakini kutolipwa hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Mzee wa ndiva hakulipwa, na bado aliulizwa. Na heshima yake milimani ilitokana na kuwa na majibu. La pili ni kwamba watu wa kijijini hawataki kuuliza, kwa sababu kumuuliza msomi au mzee ni utovu wa adabu. Hili ndilo zito zaidi, kwa maana lina ukweli wa malezi yetu. Dawa yake iko mkononi mwa mdhamini peke yake: asingoje kuulizwa. Aifungue hesabu kabla haijadaiwa, na mwaka wa kwanza atacheka nayo peke yake mbele ya watu walionyamaza. Mwaka wa tatu, nadhani, mama mmoja atanyosha mkono.

Tulianza kwa kuuliza mdhamini wa sheria amfuate yupi, yule anayedaiwa mahakamani au yule anayeshukuriwa jukwaani. Historia ya Upare, kutoka ndivani hadi kambi ya Same ya mwaka 1945, yaelekea upande mmoja tu. Mfadhili akishatoa, kazi yake imekwisha, naye huweza kwenda zake na shukrani zetu. Mdhamini ndiyo kwanza anaanza. Ameketi mahali pa mzee wa zamu, maji yamelala usiku kucha chini ya ulinzi wake, na kunakucha. Watu wanashuka na majembe, na kila mmoja wao, apitapo, atatazama kimo.